Volti Haikai Kwenye Waya Mmoja: Jinsi Ishara ya Analogi Inavyofika Kwenye PLC

Wanachuo wenzangu, hasa ninyi wa Elimu mnaosoma Fizikia na Hisabati, fanyeni jaribio dogo. Muulizeni mwanafunzi wa kidato cha tatu volti ni nini. Wengi watajibu bila kusita: ni umeme unaopita kwenye waya. Mwanafunzi huyo anaweza kuwa amekariri V = IR vizuri kabisa, akakokotoa kila swali la mtihani akapata vema zote, na bado jibu hilo likabaki kichwani mwake mpaka anamaliza shule.

Darasani jibu hilo halimdhuru mtu. Shida inaanza siku anapokabidhiwa bisibisi na nyaya tatu za sensa mbele ya paneli ya kiwandani, akaambiwa aunge ishara kwenye PLC. Mtu anayeamini kwamba volti inapita kwenye waya ataunga waya mmoja wa ishara, ataridhika, kisha atashangaa namba kwenye skrini zinaruka kama panzi. Ama ataunga waya sahihi mahali pasipo sahihi na kuunguza ingizo la moduli ambayo bei yake si ya kutoa mfukoni.

Ninaandika haya kwa sababu vijana wengi tutakaowafundisha hawatakuja chuo kikuu. Wataenda VETA, wataenda viwanda vya sukari, saruji na vinywaji, wataenda kwenye mitambo ya maji. Huko watakutana na fizikia ileile tuliyowafundisha, ila itakuwa imevaa ovaroli. Na habari njema ni kwamba kanuni zote za kuunga ishara ya volti kwenye PLC zinatoka kwenye sentensi moja: volti ni tofauti kati ya nukta mbili. Ukiishika hiyo, mengine yanafuata.

PLC inaona nini?

PLC ni kompyuta ya viwandani, kidhibiti kilichotengenezwa kuvumilia vumbi, joto na mtikisiko. Historia yake inaanzia Marekani. Mwaka 1968 kitengo cha Hydra-Matic cha kampuni ya General Motors kilitafuta kitu cha kuchukua nafasi ya makabati yaliyojaa rilei, kwa sababu kila gari jipya lilipoanza kutengenezwa ilibidi nyaya za makabati hayo zifumuliwe na kuungwa upya. Dick Morley na wenzake wa Bedford Associates walikuja na kifaa kilichoitwa Modicon 084. Namba hiyo ilitokana na kwamba ulikuwa mradi wao wa 84.

Kazi ya PLC ni mzunguko usiokoma: inasoma maingizo, au inputi kama mafundi wasemavyo, inapitia programu, inatoa amri kwa mota, vali na taa, kisha inarudi mwanzo. Maingizo yake ni ya aina mbili. La dijitali linajua mambo mawili tu, ipo au haipo: swichi imebonyezwa au haijabonyezwa. Mara nyingi ishara yake ni volti 24 au sifuri. La analogi linajua kiasi: maji yamefika wapi, joto ni nyuzi ngapi, shinikizo ni kubwa kiasi gani. Aina ya ishara ya volti inayotumika sana hapa ni ya kati ya volti 0 na volti 10.

Tuchukue mfano mmoja twende nao mpaka mwisho. Tuna tangi la maji lenye kina cha mita 4. Ndani yake kuna transmita ya kina inayotoa volti 0 tangi likiwa tupu na volti 10 likiwa limejaa. Kwa hiyo kila volti 1 ni sentimita 40 za maji. Maji yakiwa mita 3, transmita inatoa volti 7.5. Hii ni hesabu ya uwiano tu.

PLC haihifadhi volti, inahifadhi namba. Kwenye Siemens S7-1200, kidhibiti kinachotumika sana kufundishia, volti 10 zinasomeka kama 27648. Basi volti 7.5 zinakuwa 20736. Anayeandika programu anagawanya kwa 27648, anazidisha kwa 4, anapata mita 3. Hiyo ndiyo kazi inayoitwa kupima upya skeli, na ni mlinganyo wa mstari mnyoofu ule tunaoufundisha ubaoni bila kusema unakwenda kufanya nini.

Lakini usidhani kwamba kwa kuwa namba ni kubwa, basi kipimo ni makini kiasi hicho. Maingizo mawili ya analogi yaliyo ndani ya CPU 1214C yana biti 10, yaani yanaweza kutofautisha hatua 1024 tu. Mita 4 ukizigawa kwa 1024 unapata karibu milimita 4 kwa hatua. Ukitumia moduli ya biti 12 unapata hatua 4096, karibu milimita 1. Kwa tangi la maji zote mbili zinatosha. Kwa mashine ya kuchanganya dawa, huenda zisitoshe. Hapo ndipo mwanafunzi anapoelewa kwa nini tulimsumbua na vizio viwili vya namba.

Kanuni ya kwanza: nyaya mbili, siyo moja

Transmita nyingi za volti zina nyaya tatu. Wa kwanza unaleta umeme wa volti 24, wa pili ni sifuri ya umeme huo, wa tatu ndio ishara. Anayeanza anauona ule wa tatu peke yake kama ndio habari yote. Anaupeleka kwenye ingizo, anafunga paneli.

Sasa jiulize: ingizo linapima tofauti kati ya waya wa ishara na nini? Kila ingizo la analogi lina mwenzake wa kulinganishia, ambao mafundi huuita komoni. Kwenye CPU 1214C umeandikwa 2M, na maingizo yenyewe yameandikwa AI0 na AI1. PLC inasema "volti 7.5" ikimaanisha AI0 iko juu ya 2M kwa volti 7.5. Kama 2M haijaungwa na sifuri ya transmita, basi hakuna ulinganisho. Waya wa ishara unaning'inia hewani kwa maana ya kiumeme, hata kama umekazwa kwa skrubu barabara.

Fikiria Mlima Kilimanjaro. Tunasema una mita 5895, na kila mtu anaelewa kwamba tumepima kutoka usawa wa bahari. Mtu akianza kupima kutoka Moshi mjini na mwingine kutoka Tanga ufukweni, kila mmoja atapata namba sahihi kwake, lakini namba hizo hazizungumzi lugha moja. Sifuri ya transmita na komoni ya PLC lazima ziwe "usawa wa bahari" mmoja.

Kasheshe hii hujitokeza zaidi pale kunapokuwa na pawa saplai mbili: moja inalisha PLC, nyingine inalisha sensa. Kwenye mazoezi ya kufundisha mwaka jana nilipata nafasi ya kutembelea karakana ya chuo kimoja cha ufundi jirani na shule niliyopangiwa. Palikuwa na benchi la mafunzo ambalo namba zake zilikuwa zinapanda na kushuka zenyewe, hata mtu akipita karibu. Wanafunzi walikuwa wameshaamua sensa ni mbovu. Mwalimu wao wa karakana hakugusa sensa. Alichukua kipande cha waya, akaunganisha sifuri ya pawa saplai moja na sifuri ya nyingine, namba zikatulia palepale. Akawaambia, "Sensa ilikuwa inasema kweli, ila hamkumpa wa kumsikiliza."

Kumbuka alichounganisha ni sifuri kwa sifuri. Zile chanya mbili za volti 24 haziunganishwi hivihivi, maana pawa saplai mbili zisizolingana zitaanza kusukumana.

Kuna moduli nyingine zenye ingizo la nguzo mbili, chanya na hasi, ambazo hupima tofauti kati ya nguzo hizo zenyewe. Hizi zinasaidia sana, lakini nazo zina mpaka. Kwa moduli za SM 1231 za S7-1200, kwa mfano, ishara ikijumlishwa na volti ambayo nguzo zote mbili zimepanda nayo kwa pamoja haitakiwi kutoka nje ya kati ya volti -12 na +12. Kwa lugha ya mlima: unaweza kupima urefu wa mtu aliyesimama juu ya meza, ila siyo aliyesimama juu ya ghorofa ya kumi.

Kanuni ya pili: jua upeo, kisha usiuvuke

Ndani ya paneli hiyohiyo kuna volti 24 zinazozunguka kila kona. Ingizo la volti 10 likiguswa na volti 24, mambo mawili yanaweza kutokea. Kama ni maingizo ya CPU 1214C, mtengenezaji anasema yanahimili mpaka volti 35, hivyo utaona tu namba imegonga juu kabisa. Kama ni moduli nyingine isiyo na uvumilivu huo, unaweza kusikia harufu kabla hujaona namba. Kwa hiyo desturi ni moja: soma kitabu cha moduli uliyonayo mkononi, siyo cha ile uliyoiona YouTube.

Je, kama unachotaka kupima kina volti zaidi ya 10? Chukua mfumo wa sola wenye betri za volti 24. Zikiwa zinachajiwa zinaweza kukaribia volti 30. Hapa tunakumbuka vikinza viwili vilivyofuatana, mada ambayo wanafunzi wengi huiona haina maana. Weka kikinza cha kiloomu 20 na cha kiloomu 10 mfululizo, pima kwenye kile cha 10. Volti 30 mara 10 gawa kwa 30, unapata volti 10 kamili. Safi.

Safi kwenye karatasi. Ukiunga utaona volti 9.375 badala ya 10. Umeibiwa na nani? Hujaibiwa. Ingizo la PLC lenyewe lina ukinzani, kwa S7-1200 ni angalau kiloomu 100, na sasa umeliweka sambamba na kikinza chako cha kiloomu 10. Kokotoa ukinzani wa 10 na 100 zikiwa sambamba: kiloomu 9.09. Mgawanyo umebadilika, kosa ni zaidi ya asilimia 6. Yaani kifaa cha kupimia kimekibadilisha kile kinachopimwa.

Dawa ni kutumia vikinza vidogo. Weka kiloomu 2 na kiloomu 1, utapata takriban volti 9.93, kosa chini ya asilimia 1, na hilo lililobaki unalirekebisha kwenye programu. Lakini usishuke chini bila kufikiri. Kwa kiloomu 3 jumla, volti 30 zinasukuma miliampia 10, na kile kikinza cha kiloomu 2 kinageuza wati 0.2 kuwa joto muda wote. Kikinza cha robo wati kitakuwa kinapumua kwa shida, weka cha nusu wati. Weka pia fyuzi karibu na betri, kwa sababu betri haina huruma waya ukigusana. Na usisahau kanuni ya kwanza: hasi ya betri iungwe na komoni ya ingizo.

Angalia tulivyofika hapa: Sheria ya Ohm, vikinza mfululizo, vikinza sambamba, na nguvu ya umeme. Mada nne za sekondari ndani ya kazi moja ya nusu saa.

Kanuni ya tatu: waya mrefu hauna kosa, mkondo ndio wenye kosa

Utasikia fundi anasema, "Volti haifai kwa umbali, inapotea njiani." Anachosema kina ukweli, ila sababu anayoitoa mara nyingi siyo. Tuhesabu. Ingizo lenye kiloomu 100 likipewa volti 10 linavuta miliampia 0.1 tu. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5 una ukinzani wa takriban omu 3.4 kwa kila mita 100. Kwenda na kurudi ni kama omu 7. Zidisha kwa miliampia 0.1: umepoteza chini ya milivolti 1. Kwa tangi letu hiyo haifiki hata nusu milimita ya maji. Kwa hiyo volti ya ishara haikupotea.

Kosa liko kwenye waya wa sifuri. Kwenye sensa ya nyaya tatu, waya huo una kazi mbili: unarudisha mkondo wa kulisha sensa, na papo hapo ndio wa kulinganishia ishara. Tuseme transmita yetu inakula miliampia 30. Mkondo huo ukipita kwenye omu 3.4 za waya wa sifuri unazalisha volti 0.1. Maana yake, sifuri ya transmita kule kwenye tangi haiko tena sawa na sifuri ya PLC kwenye paneli, iko juu kwa volti 0.1. PLC itasoma volti 0.1 zaidi, ambazo kwa tangi letu ni sentimita 4 za maji ambayo hayapo.

Huo ndio utamu wa sentensi yetu ya mwanzo. Nukta mbili zilizoungwa kwa waya mmoja si lazima ziwe na volti sawa, kama kuna mkondo unapita kati yake. Suluhisho ni kutenganisha kazi. Tumia ingizo la nguzo mbili, na kutoka kwenye sifuri ya transmita vuta waya wa nne wa kurudisha ishara peke yake mpaka nguzo hasi ya ingizo. Waya huo haubebi mkondo wa maana, kwa hiyo hauongezi uongo. Au ongeza unene wa waya wa sifuri ili ukinzani upungue. Au hama kabisa kutoka volti kwenda miliampia, kama tutakavyoona.

Kelele za umeme

Umbali una adui wa pili, kelele. Siyo kelele za masikioni. Ni volti ndogondogo zinazozaliwa kwenye waya wako kwa sababu umepita karibu na waya mwingine wenye mkondo mkubwa unaobadilika. Faraday alituonyesha tangu mwaka 1831 kwamba usumaku unaobadilika huzalisha umeme. Nyaya za mota zinafanya hivyo kwa mawimbi 50 kwa sekunde, na zile zinazotoka kwenye kifaa cha kubadilisha kasi ya mota ni mbaya zaidi.

Mambo ya kufanya si mengi. Kwanza, tumia kebo yenye jozi zilizosokotwa. Kusokota kunafanya kila pingili ya waya ipokee kelele upande huu na pingili inayofuata ipokee upande wa pili, zinafutana. Pili, tumia kebo yenye shildi, ile ala ya nyuzi za shaba au karatasi ya metali inayozunguka nyaya. Tatu, usilaze kebo ya ishara kwenye trei moja na nyaya za mota. Kama lazima zikutane, zikatane kwa pembe mraba, zisitembee pamoja.

Shildi yenyewe ina adabu yake. Desturi ya kawaida kwa ishara hizi ni kuiunga ardhini upande mmoja tu, kwenye paneli, na upande wa sensa kuikata na kuifunika vizuri isiguse chochote. Ukiiunga pande zote mbili, na ardhi ya kule kwenye tangi isiwe sawa na ardhi ya paneli, mkondo utapita ndani ya shildi yenyewe. Kinga inageuka kuwa chanzo cha kelele. Ni nukta mbili zilezile tena. Wapo watengenezaji ambao kwa kelele za kasi kubwa wanataka pande zote mbili ziungwe, kwa hiyo kitabu cha kifaa chako ndicho chenye neno la mwisho.

Jambo dogo ambalo husahaulika: maingizo ya volti usiyoyatumia usiyaache wazi. Kwenye moduli za S7-1200 mtengenezaji anaelekeza uyafunge kwa kuunganisha nguzo zake mbili. Ingizo lililoachwa wazi linaokota kila kitu kinachopita hewani na kukuonyesha namba za ajabu.

Swali la uhai: tangi tupu au waya umekatika?

Hapa naomba tutulie kidogo. Transmita yetu inatoa volti 0 tangi likiwa tupu. Panya akitafuna waya wa ishara, PLC inaweza kusoma nini? Nayo karibu na volti 0. Kwa PLC, hali hizi mbili zinafanana. Itaamini tangi ni tupu, itawasha pampu, na pampu itajaza tangi ambalo tayari limejaa. Kama ni maji, utafurika uwanja. Kama ni kemikali au mafuta ya moto, kuna mtu anafanya kazi chini ya tangi hilo.

Ndiyo maana viwandani ishara ya miliampia 4 mpaka 20 inapendwa sana. Tupu ni miliampia 4, siyo sifuri. Ikishuka mpaka sifuri, PLC inajua waya umekatika na inaweza kusimamisha pampu na kupiga king'ora. Faida ya pili ni kwamba kwenye saketi ya mfululizo mkondo ni uleule kila mahali, hivyo urefu wa waya hauubadilishi, mradi tu pawa saplai ina volti za kutosha kuusukuma.

Na kama moduli yako inapokea volti tu? Kikinza kimoja kinatosha. Omu 250 zinageuza miliampia 4–20 kuwa volti 1 mpaka 5. Omu 500 zinaigeuza kuwa volti 2 mpaka 10. Kikinza hicho kiweke upande wa PLC, kati ya ingizo na komoni, ili safari ndefu isafiri kama mkondo na igeuzwe kuwa volti mwishoni tu.

Hata hivyo, kwa jambo linaloweza kuumiza mtu, usitegemee ishara moja. Weka swichi ya boya juu ya tangi inayokata pampu bila kuuliza analogi inasema nini. Hesabu nzuri hazizuii panya.

Kabla ya kuwasha

Utaratibu huu ni mfupi, na unaokoa vifaa. Zima umeme wa paneli na uhakikishe umezimika kwa kupima, maana ndani ya paneli hiyo mara nyingi kuna volti 230 pia. Unga umeme wa sensa, lakini waya wa ishara uache nje ya PLC. Washa. Kwa multimita pima kati ya waya wa ishara na sifuri, ukiwa upande wa paneli. Angalia kama ni kati ya 0 na 10, na kama chanya iko upande unaoutarajia. Badilisha kinachopimwa, pandisha au shusha maji, uone volti inafuata. Ndipo uzime tena, uunge, uwashe, na kutazama namba kwenye skrini.

Ukitaka kujaribu ingizo bila sensa, chukua betri ya volti 9. Chanya kwenye AI0, hasi kwenye 2M. Namba inapaswa kuwa karibu na 24883, ikipungua au kuzidi kidogo kulingana na hali ya betri. Ikija hivyo, PLC yako ni nzima na tatizo liko nje. Kwa sekunde 10 umeshagawa tatizo mara mbili.

Tutafundishaje bila PLC?

Najua mtu ameshaanza kusema: shule yangu haina hata balbu za maabara, wewe unaniletea Siemens. Sawa. Wazo lilelile linafundishika kwa bodi ya Arduino Uno, ambayo ina maingizo ya analogi ya volti 0 mpaka 5 na hatua 1024. Chukua sensa ya joto LM35, inayotoa milivolti 10 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi. Chumba kikiwa na nyuzi 30 inatoa volti 0.30, na bodi inasoma karibu 61. Kisha waambie wanafunzi wachomoe waya wa sifuri wa sensa na waandike kinachotokea kwenye namba. Angalizo moja: ingizo la Arduino Uno ni la volti 5, usije ukalipelekea zile 10 za kiwandani.

Na kama hata Arduino hakuna, multimita moja na betri moja vinatosha. Mpe mwanafunzi multimita, mruhusu atumie ncha moja tu ya kupimia, ile nyekundu. Mwambie apime volti ya upande chanya wa betri. Atagusa, atahangaika, atasema betri imekufa. Mwache kwanza ahangaike. Halafu mpe ncha nyeusi, usimwambie aiweke wapi.